Tuchapishieni mita za tufe la wanawake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, mwaka wa 22 sasa. Natengeneza mageti, madirisha na matoroli, na msimu wa kilimo naunga majembe ya ng'ombe yaliyokatika. Gazeti lenu nalinunua mara mbili kwa wiki, na huanza kulisoma kurasa za nyuma, za michezo. Nina ombi moja: tuchapishieni mita.

Nasema mita za kurusha tufe, yaani kile chuma kizito cha mviringo, kwa wanawake. Mwezi ujao, tarehe 20 hadi 22 Machi, mashindano ya dunia ya riadha ya ndani ya ukumbi yatafanyika Toruń, Poland. Naomba fainali ya tufe la wanawake ikishamalizika, mtuwekee majina ya wanane wa kwanza na umbali wa kila mmoja, mpaka sentimita ya mwisho. Ni mistari minane. Najua nafasi ya gazeti ina bei yake, ndiyo maana naeleza kwa kirefu kwa nini naiomba.

Binti yangu wa pili ana miaka 18, amemaliza kidato cha nne Novemba iliyopita. Mwili wake ni wa bibi yake mzaa mama, mwanamke wa Kiwira aliyekuwa akijitwisha mkungu wa ndizi peke yake bila kuomba msaada: mabega mapana, miguu mizito, mikono mirefu. Shuleni siku za michezo aliwekwa kwenye mbio za mita 1,500 kama wenzake. Alikuwa wa mwisho kila mara, akaanza kusingizia tumbo kila ikifika siku ya michezo. Mwaka 2023 alikuja mwalimu wa kike wa mafunzo ya vitendo, akamtazama, akampeleka pembeni akampa tufe. Jioni ile mtoto alirudi nyumbani na kutu shingoni. Chakula alikila amesimama, akituonyesha mimi na mama yake mguu unakaa wapi na kiwiko kinakaa wapi.

Mwalimu yule akamaliza muda wake akaondoka. Mwaka uliofuata kukawa na mashindano ya kuchagua timu. Shule sitaitaja. Nilifunga kibanda siku hiyo nikaenda kuangalia. Tufe lilikuwa moja, la zamani, wavulana na wasichana wakipokezana. Nilipoliinua nikahisi haliko sawa, maana mkono wangu umezoea kukisia uzito wa chuma. Baadaye niliomba ruhusa tukalipima kwenye mzani wa duka la jirani: kilo 5 na gramu 300. Tufe la wanawake ni kilo 4. Wale mabinti walikuwa wakirusha kilo moja na zaidi ya ziada, na hakuna aliyejua.

Umbali nao ulihesabiwa kwa hatua. Hapakuwa na futi ya kupimia. Mwalimu mmoja mrefu alimhesabia msichana wa kwanza akapata hatua 11. Mwalimu mwingine, mfupi, akamhesabia binti yangu akapata hatua 12. Wakabishana kwamba hatua za mfupi si sawa na za mrefu, jambo ambalo ni kweli, lakini badala ya kurudia kuhesabu kwa miguu ya mtu mmoja wakamchukua yule wa kwanza. Simlaumu yule msichana, alirusha vizuri. Binti yangu alinyamaza njia nzima mpaka nyumbani. Tulipofika getini akaniuliza, "Baba, mimi narusha mita ngapi?" Sikuwa na jibu, na hakuna aliyekuwa nalo.

Sasa hebu tazama wenzetu wanavyopima. Mwaka jana, Machi 2025, mashindano haya ya ndani yalifanyika Nanjing, China. Sarah Mitton wa Kanada alipata dhahabu kwa mita 20.48. Jessica Schilder wa Uholanzi alipata fedha kwa 20.07. Chase Jackson wa Marekani alipata shaba kwa 20.06. Fedha na shaba zilitenganishwa na sentimita moja, upana wa ukucha wangu wa kidole cha mwisho. Mwaka mmoja kabla yake, huko Glasgow, Mitton huyo huyo alishinda kwa 20.22, na Yemisi Ogunleye wa Ujerumani akawa wa pili kwa 20.19. Sentimita 3. Michezo ya namna hiyo huwezi kuihesabu kwa hatua za mwalimu.

Matokeo hayo sikuyapata gazetini. Niliyapata kwenye simu ya mpwa wangu anayesoma chuo hapa mjini, akiwa na kifurushi cha wiki, tukatazama marudio sisi watatu tumeinamia kioo kimoja. Ukishatazama unaona kwamba tufe halitupwi kama jiwe la kufukuzia nyani. Linakaa shingoni, chini ya taya, na linasukumwa kutoka hapo. Likishuka au likirudi nyuma ya bega, mrusho umeharibika. Wengine wanaanza wakiwa wameupa uwanja mgongo, wanateleza kinyumenyume kisha wanageuka. Wengine wanazunguka mzunguko mzima na nusu kama pia. Mimi nilidhani ni kazi ya mkono. Binti yangu akanirekebisha: "Baba, angalia magoti." Nikaangalia, nikaona ni kweli. Ni kama kuinua mtungi wa oksijeni: anayetumia mikono anaumia mgongo, anayetumia miguu anaupandisha.

Tulipozima simu nikachukua futi ndefu. Nilitaka tuione mita 20.48 kwa macho. Tukaanzia kwenye mlango wa kibanda changu, mpwa wangu akaivuta. Ikapita benchi la mama lishe, ikapita mahali wanapoegesha bajaji mbili za kwanza, ikaishia karibu na mtaro. Majirani wakatoka nje mmoja mmoja, wanauliza kwa wasiwasi kama sisi ni wapimaji wa barabara, maana huku Mbeya na upanuzi huu wa njia nne mtu akiona futi inavutwa mbele ya duka lake moyo unaenda mbio. Nikawaambia hapana, ni umbali ambao mwanamke amesukuma chuma cha kilo 4. Mama lishe akasimama pale kwenye benchi lake, akageuka akatazama mlango wangu, akageuka akatazama mtaro. Akaniuliza jina la huyo mwanamke. Hilo ndilo ninalolisema, Mhariri. Namba ikishakuwa mahali, watu wanaielewa.

Baada ya hapo nikaamua kumtengenezea mtoto vifaa mwenyewe. Nawaeleza mafundi wenzangu wanaosoma gazeti hili, kwa sababu hakuna kilicho kigumu. Nina mteja mwenye karasha la dhahabu Makongolosi, wilaya ya Chunya. Ndani ya karasha kuna mipira ya chuma ya kusagia mawe, na ikishachakaa huuzwa kama chuma chakavu. Nilimwomba anitafutie mkubwa kuliko yote. Akaniletea mmoja wa kilo 4 na gramu 300. Nilikaa nao jioni tatu na grainda, nasugua kidogo, napeleka kwa muuza nyama mwenye mzani wa stika ya Wakala wa Vipimo, narudi nasugua tena, kwa sababu ukipitiliza huwezi kurudisha. Tufe la wanawake haliruhusiwi kupungua kilo 4, na upana wake unatakiwa uwe kati ya milimita 95 na 110. Langu liliishia kilo 4 na gramu 5, upana milimita 99. Nikalipiga msasa mpaka likateleza kiganjani.

Duara nalo ni mita 2.135 kutoka ukingo hadi ukingo, kipimo cha ndani. Mzingo wake ni kama mita 6 na sentimita 71. Flatiba, yaani bapa la chuma, inauzwa mita 6, kwa hiyo utahitaji kipande cha kuongezea, na sehemu ya kuungia uisugue iwe laini isije ikachana kiatu. Sakafu ya ndani iwe chini ya ukingo wa chuma kwa sentimita 2 hivi, ya zege, isiyopigwa nili, yaani saruji laini ya juu, maana ya nili inateleza. Mbele unaweka kizuizi cha mbao chenye kimo cha sentimita 10; mimi nilitumia paini ya Sao Hill, nikaikunja kwa kuikata vipande na kuiunganisha kwa gundi na skrubu, nikaipaka rangi nyeupe. Mistari miwili ya uwanja wa kuangukia tufe watu wanaiogopa kwa sababu vitabu vinaitaja kwa nyuzi za pembe, 34.92. Usisumbuke na nyuzi. Pima mita 10 kutoka katikati ya duara, hapo mistari iachane kwa mita 6. Ukienda mita 20, iachane kwa mita 12. Kamba mbili na misumari minne zinatosha.

Sasa nije kwenye hili neno "ndani", kwa sababu nadhani ndilo linalowafanya wahariri wa michezo waone kwamba mashindano haya hayatuhusu. Tanzania hatuna ukumbi wa riadha kama ule wa Nanjing, na wanaosema riadha ya ndani ni ya nchi za theluji wana sababu yao. Lakini katika mirusho yote minne, tufe peke yake ndilo linaloingia ukumbini. Mkuki, kisahani na nyundo vinabaki nje, kwa kuwa vinahitaji anga na uwanja mrefu. Tufe linahitaji duara, mita ishirini na kitu mbele, na kitu cha kulizuia lisiendelee kuviringika. Huku kwetu mvua inaanza Novemba na kuondoka Aprili au Mei. Kwa nusu ya mwaka kiwanja cha shule ni matope, duara limejaa maji, na mtoto anayezunguka kwenye zege lililolowa atavunjika mguu. Ikiisha mvua inakuja baridi ya Juni na Julai. Watu wa Makete na Njombe wanaijua kuliko sisi: ukishika chuma asubuhi kinakung'ata, vidole vinakufa ganzi, na tufe unalirusha bila kulihisi. Kama kuna sehemu ya nchi hii inayohitaji kurusha tufe ndani, ni Nyanda za Juu Kusini.

Tumejaribu. Kuna mzee mmoja Uyole mwenye ghala la mahindi. Mahindi huingia kuanzia Julai, na kufika Januari ghala linakuwa karibu tupu. Nilimtengenezea mlango wake mwaka juzi, tunaaminiana. Nilipomwambia shida yangu alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Fundi, ukinivunjia sakafu utaimwaga upya." Tukakubaliana. Tulichukua pumba za mpunga zilizoletwa kutoka Mbarali, magunia 30, tukazitandaza kuanzia mita 7 hadi mita 14, unene wa kiganja. Nyuma tukapanga magunia mengine yaliyojazwa mchanga. Duara langu la chuma nikalilaza juu ya sakafu yake bila kutoboa kitu, nikalibana kwa uzito wa vyuma pembeni. Tangu katikati ya Januari binti yangu anafanya mazoezi pale siku tatu kwa wiki, saa kumi jioni, mvua ikipiga bati hata hamsikilizani. Wasichana wengine wanne wa mtaani wameanza kumfuata. Mmoja wao ana miaka 14, huyo nimemtengenezea tufe la kilo 3, kwa sababu ndilo la umri wake.

Mrusho bora wa binti yangu mpaka leo ni mita 11 na sentimita 42. Nimeupima mwenyewe kwa futi ya chuma, kutoka alama ya karibu zaidi kwenye pumba hadi ukingo wa ndani wa kizuizi, futi ikipita katikati ya duara kama kanuni inavyotaka. Sijidanganyi. Kutoka 11.42 hadi 20.48 ni zaidi ya mita 9. Rekodi ya dunia ya ndani, 22.50 ya Helena Fibingerová wa Chekoslovakia, iliwekwa Februari 1977, mimi sijazaliwa, na mpaka leo inadumu. Lakini binti yangu alipoanza mwezi ule wa Januari alikuwa na 10.15. Sasa anajua 10.15 ni nini na 11.42 ni nini. Hanyamazi tena njiani. Anahesabu.

Kuna jambo la mwili ambalo nalisema kama baba. Msichana mnene hapa kwetu akipita uwanjani anachekwa. Watu wazima kabisa wanamwita jimama, wanamuuliza anafanya nini huko na mwili huo, wanasema riadha ni ya wembamba. Mama yangu mzazi, ambaye namheshimu, aliniambia mtoto wa kike kurusha vyuma kutamkosesha mume. Nikamwonyesha Auriol Dongmo. Mwanamke huyu alizaliwa Kameruni, alikuwa bingwa wa Afrika mwaka 2014 na 2016, baadaye akahamia Ureno na kuanza kuiwakilisha. Machi 2022 huko Belgrade alitwaa ubingwa wa dunia wa ndani kwa mita 20.43. Ni mama mwenye mtoto. Mama yangu aliitazama ile picha kwa muda mrefu akasema, "Kumbe ni mtu kama sisi." Hajasema tena habari ya mume. Riadha yetu imekuwa ya mbio kwa sababu nzuri. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974, na mimi nimekulia kwenye hadithi hiyo. Lakini nusu ya mabinti zetu hawana mwili wa Bayi, na tumewaacha nje ya uwanja wakishangilia wenzao.

Narudi kwenu, Mhariri. Septemba 2025 Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni Tokyo, nilinunua magazeti yenu mawili, moja la kusoma na moja la kuweka. Mliandika saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mliandika kwamba Amanal Petros wa Ujerumani alipata muda huo huo, na kwamba walitenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Vijana wa kibandani kwangu waliibeba namba hiyo wiki nzima. Walikuwa wanaonyeshana kwa kupiga makofi mawili ya haraka namna sehemu hiyo ya sekunde ilivyo ndogo. Kwa hiyo najua mnaweza. Naomba uangalifu ule ule uende kwenye tufe.

Na hasa haya mashindano ya Machi, kwa sababu mara nyingi yanatangulia kuonyesha kinachokuja. Yule Ogunleye aliyekosa dhahabu Glasgow kwa sentimita 3 ana baba Mnijeria na mama Mjerumani. Miezi mitano baadaye, Agosti 2024, alikuwa Paris kwenye fainali ya Olimpiki. Maddi Wesche wa Nyuzilandi alikuwa mbele yake kwa 19.86, na Ogunleye alikuwa amebakiwa na mrusho wake mmoja wa mwisho. Ogunleye akasukuma mita 20.00 kamili, akachukua dhahabu. Laiti tungekuwa tumesoma zile sentimita 3 za Machi, Agosti tungekaa mbele ya televisheni tukimjua mtu, tukijua anachodai. Sisi tulimwona kama mgeni, na baada ya dakika moja habari zikaenda kwenye mpira.

Mkiyachapisha, naomba pia mwandike uzito wa tufe, kilo 4, ili mwalimu wa michezo akilisoma akalipime lile alilonalo stoo. Andikeni "kurusha tufe", si "kutupa mpira wa chuma", maana anayesoma kutupa atatupa. Na kama siku hiyo nafasi itakuwa finyu na wanane hawatoshi, basi wekeni watatu wa kwanza na yule wa nane. Huyo wa nane ndiye nitakayemwandikia binti yangu kwa chaki kwenye ukuta wa ghala, aanze naye.

Wako msomaji,
Fundi wa kuchomelea,
Mwanjelwa, Mbeya
Februari 2026